Claudia Jones: Mhariri Aliyewaletea Wahamiaji wa London Gazeti na Kanivali

Katika historia ya watu weusi waliohamia Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jina la Claudia Jones hutajwa kwa mambo mawili ambayo mara nyingi huelezwa mbalimbali, yaani gazeti la West Indian Gazette alilolianzisha London mwezi Machi 1958, na kanivali ya ndani ya ukumbi aliyoiandaa mjini humo tarehe 30 Januari 1959. Wanaoandika habari za siasa humshika kwenye gazeti, nao wanaoandika habari za muziki na sherehe humshika kwenye kanivali, kana kwamba ni wanawake wawili waliofanana majina. Lakini anayeifuata kazi yake tangu Harlem, New York, hadi Brixton, London, hapati mahali pa kuukata uzi huo, kwa kuwa mwanamke huyu aliamini kwamba watu waliotawanyika ugenini wanahitaji kwanza kujiona, wajisome wenyewe kwenye karatasi na wajitazame wenyewe jukwaani, kabla ya kuweza kudai chochote kwa mwenye nyumba, kwa mwajiri au kwa serikali.

Alizaliwa tarehe 21 Februari 1915 katika mtaa wa Belmont, mjini Port of Spain, Trinidad, kwa jina la Claudia Vera Cumberbatch. Trinidad, kisiwa kilicho karibu na pwani ya Venezuela, wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza, na kakao ilikuwa mojawapo ya mazao yaliyokipa kisiwa hicho riziki. Bei ya kakao ilipoporomoka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, familia nyingi zilizokuwa na uwezo wa wastani zilijikuta hazina kitu, na wazazi wa Claudia wakawa miongoni mwa waliofunga safari kwenda New York mwaka 1922 kutafuta maisha. Claudia na dada zake watatu waliwafuata mwezi Februari 1924 wakisindikizwa na shangazi yao, naye alikuwa bado hajatimiza miaka 9.

Maisha waliyoyakuta Harlem, mtaa mkubwa wa watu weusi mjini New York, hayakuwa yale yaliyosimuliwa kwenye barua za waliotangulia. Mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha kushona nguo, na alifariki miaka michache tu baada ya watoto kuwasili, akiwa bado mwanamke wa makamo; Claudia hakuacha kamwe kukihusisha kifo hicho na uchovu wa mashine ya kushonea na wa malezi ya watoto wanne katika umaskini. Baba yake, ambaye aliwahi kuhariri gazeti la wahamiaji wa Karibi, alipoteza kazi katika mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929, akaishia kuwa mtunzaji wa jengo la kupanga. Nyumba walimoishi ilikuwa na unyevu, na mwaka 1932 binti huyo, ambaye shuleni alikuwa ametunukiwa nishani ya uraia mwema, aliugua kifua kikuu, akalazwa karibu mwaka mzima katika hospitali maalumu ya ugonjwa huo iliyokuwa Staten Island. Alitoka hai, ila mapafu yake yaliharibika kwa maisha yake yote, jambo ambalo halina budi kukumbukwa kila yanapotajwa maandamano, safari na usiku mwingi wa kuhariri aliokuja kuupitisha.

Alimaliza sekondari mwaka 1935, lakini chuo hakikuwezekana. Alifanya kazi kwa dobi, kiwandani na dukani, huku akiandika safu katika gazeti la Harlem lililokuwa mikononi mwa watu weusi. Wakati huo Marekani nzima ilikuwa inajadili kesi ya Scottsboro, ambamo vijana tisa weusi walishtakiwa katika jimbo la Alabama mwaka 1931 kwa kuwabaka wanawake wawili weupe, wakahukumiwa kwa haraka na kwa ushahidi dhaifu. Chama cha Kikomunisti, yaani chama kilichotaka mali na viwanda viwe vya umma badala ya kuwa vya matajiri wachache, kiliwachukulia vijana hao mawakili na kuipeleka kesi yao mbele ya macho ya dunia. Claudia alivutwa na utetezi huo, akajiunga na umoja wa vijana wa chama hicho mwaka 1936, na katika miaka hiyo akaanza kulitumia jina la Jones kama ngao ya kuificha familia yake machoni pa wapelelezi.

Kazi ya uhariri aliifundishwa na chumba cha habari chenyewe. Aliandikia gazeti la chama, Daily Worker, akahariri machapisho ya vijana likiwemo jarida la Spotlight wakati wa vita, na mwaka 1945 akawa mhariri wa masuala ya watu weusi katika Daily Worker. Baadaye alikuwa na safu kuhusu wanawake aliyoiita Nusu ya Dunia. Andiko lake linalosomwa zaidi hadi leo ni makala ndefu iliyotoka katika jarida la Political Affairs mwezi Juni 1949, ambamo aliwataka wanachama wenzake waache kuyapuuza matatizo ya mwanamke mweusi. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanamke huyo hukandamizwa mara tatu kwa pamoja, kama mfanyakazi, kama mtu mweusi na kama mwanamke, na kwamba mizigo hiyo haibebwi kwa zamu, leo huu na kesho ule, bali yote hukaa juu ya kichwa kimoja kwa wakati mmoja. Mfano wake mkuu ulikuwa mtumishi wa nyumbani, ambaye hakuwa na chama cha wafanyakazi wala saa maalumu za kazi, na Claudia hakusita kuwaambia wanawake weupe wa chama chake kwamba wao pia walikuwa na sehemu katika dhuluma hiyo. Wazo hili, ambalo vyuo vikuu vimelichukua na kulipa istilahi nyingi tangu miaka ya 1980, liliandikwa na mtu aliyefua nguo za wengine, na uzito wake unatokana na hapo.

Serikali ya Marekani nayo ilikuwa inamsoma. Idara ya upelelezi, FBI, ilimfungulia jalada lililokuja kufikia mamia ya kurasa, na kwa kuwa ombi lake la uraia lilikuwa limekataliwa, alibaki mgeni kisheria katika nchi aliyokulia. Alikamatwa kwa mara ya kwanza mwezi Januari 1948. Mwaka 1951 alishtakiwa pamoja na viongozi wenzake chini ya Sheria ya Smith ya mwaka 1940, iliyofanya kuwa kosa la jinai kufundisha au kuhimiza kupinduliwa kwa serikali kwa nguvu. Kielelezo kilichotumiwa dhidi yake kilikuwa makala, iliyohusu wanawake na kupigania amani, na kabla ya kusomewa adhabu mwezi Februari 1953 alimwambia hakimu wazi kwamba upande wa mashtaka uliionyesha mahakama ukurasa wa jina la makala hiyo, lakini haukuthubutu kusoma hata mstari mmoja wa yaliyomo. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja.

Rufaa zilipokwisha, aliingia mwezi Januari 1955 katika gereza la wanawake la Alderson, jimbo la West Virginia, akiwa tayari mgonjwa wa moyo. Hapo ndipo upande wake wa kisanaa ulipojitokeza bila pazia la siasa. Katika karakana ya gereza alijifunza kufuma kwa mtambo wa mkono, kazi inayomtaka mtu apitishe uzi mmoja baada ya mwingine, aukaze, kisha aanze upya. Na jioni aliandika mashairi, baadhi yake yakiwahusu wafungwa wenzake, akiwemo rafiki yake Elizabeth Gurley Flynn na mwanamke mpigania uhuru wa Puerto Rico. Mashairi hayo si kilele cha fani, na mwandishi wake mwenyewe hakujiita mshairi, lakini yanamwonyesha mtu ambaye, alipoondolewa gazeti mkononi, aligeukia uzi na mizani ya maneno ili asiache kuwasemea walio karibu naye.

Aliachiliwa tarehe 23 Oktoba 1955, na ikaamriwa aondoke nchini. Trinidad, mahali alipozaliwa, haikumtaka. Gavana wa kikoloni alichelea kwamba angeleta vurugu, na akaona afadhali apelekwe Uingereza, ambako angeweza kuangaliwa kwa karibu zaidi. Mamia ya marafiki walimuaga katika Hoteli Theresa, Harlem, na mwezi Desemba alipanda meli. Miaka zaidi ya 30 ya maisha yake ikabaki New York, naye, akiwa na umri wa miaka 40, alilazimika kuwa mhamiaji kwa mara ya pili, safari hii kwa kufukuzwa. Chama cha Kikomunisti cha Uingereza kilimpokea kwa ubaridi, hakikumpa nafasi iliyolingana na uzoefu wake, na kwa miaka kadhaa serikali ya Uingereza ilimnyima pasipoti kamili. Hata hivyo, kutengwa huko ndiko kulikomsogeza kwa watu ambao hawakuwa na chama wala gazeti.

Watu hao walikuwa wameanza kuja kwa wingi tangu mwezi Juni 1948, meli iitwayo Empire Windrush ilipotia nanga Tilbury ikiwa na mamia ya abiria kutoka Jamaika, Trinidad na visiwa vingine vya Karibi. Uingereza ilihitaji mikono ya kuendesha mabasi, treni na hospitali zake, na sheria ya uraia ya mwaka huo iliwatambua watu wa makoloni kuwa raia wenye haki ya kuingia. Kufikia mwaka 1958 walikuwa zaidi ya laki moja. Kazini walihitajika, lakini walipobisha hodi kutafuta chumba cha kupanga walikuta vibandiko dirishani vilivyosema watu wa rangi hawapokelewi. Magazeti makubwa yaliwaandika kama tatizo, hayakuwaandikia kama wasomaji.

West Indian Gazette lilizaliwa katika chumba kidogo juu ya duka la santuri, namba 250 Barabara ya Brixton, kusini mwa London. Mahali penyewe palifaa kuliko ofisi yoyote ya kifahari, kwa sababu mhamiaji aliyekuja Jumamosi kutafuta santuri ya kalipso, yaani ule wimbo wa Trinidad wenye kejeli na habari za mjini, alikuwa hatua chache tu kutoka kwa mhariri. Wengi walipanda ngazi bila tangazo wala makala mkononi, wakaja na barua ya mwenye nyumba anayewafukuza, au na kisa cha kunyimwa kazi, au wakitaka tu kujua pa kumpeleka mtoto shule, na ofisi ya gazeti ikageuka kuwa baraza la ushauri. Amy Ashwood Garvey, mke wa kwanza wa kiongozi wa harakati za watu weusi Marcus Garvey na mwanaharakati wa umoja wa Waafrika kwa haki yake mwenyewe, alikuwa katika bodi ya uhariri. Abhimanyu Manchanda, mkomunisti kutoka India aliyekuwa mwenzi wa Claudia, alishughulikia uendeshaji. Waandishi wake walitoka popote palipopatikana: mwandishi wa riwaya George Lamming kutoka Barbados aliliandikia, na pia kijana wa Kijamaika, Donald Hinds, ambaye mchana alikuwa kondakta wa basi na ambaye mwaka 1966 alikuja kutoa kitabu kuhusu maisha ya wahamiaji hao.

Gazeti lilitoka mara moja kwa mwezi, pale mwezi ulipokubali, maana fedha za mchapaji hazikupatikana kila wakati na wafanyakazi wengi walijitolea bila mshahara. Katika siku zake nzuri liliuza nakala zipatazo 15,000. Kurasa zake zilichanganya habari za kriketi na hadithi fupi, habari za shirikisho la visiwa vya Karibi na matangazo ya vinyozi, mapitio ya vitabu na taarifa za Afrika. Baadaye lilirefusha jina lake kwa kuongeza habari za Waafrika na Waasia, na nyongeza hiyo haikuwa pambo, kwani Claudia aliona kwamba Mwafrika, Mhindi na Mjamaika waliokuwa wanafungiwa mlango mmoja London walikuwa wametawaliwa na dola moja makwao. Kwa hiyo mauaji ya waziri mkuu Patrice Lumumba huko Kongo mwaka 1961 na ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini yalihesabiwa katika gazeti hilo kuwa habari za nyumbani.

Gazeti lilikuwa na umri wa miezi mitano tu ghasia zilipozuka. Mwishoni mwa Agosti 1958, kwanza mjini Nottingham na kisha katika mtaa wa Notting Hill, London, makundi ya vijana weupe yalianza kuwawinda watu weusi barabarani na kuvunja madirisha ya nyumba zao, na London ikaendelea kuwaka kwa takriban wiki moja. Vijana tisa weupe walihukumiwa kifungo cha miaka minne kila mmoja, lakini polisi waliwakamata pia watu weusi waliokuwa wanajilinda, na faini zikawaangukia. Claudia aliwakusanya watu kujadili lifanyike nini, na jibu aliloliunga mkono liliwashangaza wengi: kanivali.

Mshangao huo unapungua kwa anayeijua kanivali ya Trinidad. Ilianza kama sherehe za mabwana wa mashamba wenye asili ya Ufaransa, zilizofanyika kabla ya mfungo wa Kikristo wa Kwaresima, lakini baada ya utumwa kukomeshwa katika miaka ya 1830 waliokuwa watumwa waliitwaa barabara na kuifanya yao. Serikali ya kikoloni ilipambana nao, na baada ya machafuko ya mwaka 1881 ikapiga marufuku ngoma za ngozi. Watu wakachukua vipande vya mianzi, wakavigonga chini kwa sauti tofauti. Na kuanzia miaka ya 1930 wakahamia kwenye makopo na vyuma, hadi wakafika kwenye mapipa ya mafuta, ambayo hubonyezwa kitako kwa nyundo, huchomwa moto, kisha hugongwa kwa uangalifu sehemu baada ya sehemu mpaka kila sehemu itoe noti yake. Ala hiyo, ambayo ni miongoni mwa chache mpya za muziki zilizobuniwa katika karne ya 20, ilitokana moja kwa moja na katazo. Binti wa Belmont hakuwa na haja ya kuelezwa maana yake.

Kwa kuwa Januari ya London haimruhusu mtu kucheza barabarani akiwa amevaa manyoya na shanga, sherehe ilifanyika ndani, katika Ukumbi wa Mji wa St Pancras, tarehe 30 Januari 1959, chini ya uongozi wa kisanii wa Edric Connor, mwimbaji na mwigizaji kutoka Trinidad. Kulikuwa na waimba kalipso, bendi ya mapipa ya chuma, kikundi cha ngoma cha Boscoe Holder, mwimbaji Cleo Laine, na shindano la malkia wa kanivali, ambalo kwa mwanaharakati wa haki za wanawake lingeweza kuonekana jambo dogo, lakini lilikuwa na uzito wake katika nchi ambayo taji la urembo lilihesabiwa kuwa la mwanamke mweupe pekee. Kamera za BBC ziliirekodi. Ndani ya kijitabu cha kumbukumbu walichouziwa wageni mlikuwa na makala ya Claudia iliyoitaja sanaa ya watu kuwa chimbuko la uhuru wao, na pia taarifa fupi, rahisi kuipita bila kuiona, kwamba sehemu ya mapato ya kijitabu hicho ingesaidia kulipa faini za vijana, weusi na weupe, waliohusika katika matukio ya Notting Hill. Kuwataja weupe pamoja na weusi katika taarifa hiyo, miezi mitano baada ya mawe na chupa, ni tendo la uhariri linalostahili kusimama pamoja na makala zake ndefu zote.

Sherehe ilirudiwa kila mwaka katika kumbi mbalimbali, lakini utulivu haukuja. Mwezi Mei 1959 fundi seremala kutoka Antigua, Kelso Cochrane, aliuawa kwa kuchomwa kisu na vijana weupe Notting Hill, na Claudia alikuwa miongoni mwa waliopanga mazishi yake, yaliyohudhuriwa na zaidi ya watu 1,000, pamoja na ujumbe wa kuishinikiza serikali. Gazeti lake lilipokea barua za vitisho kutoka kwa watu waliojiita Ku Klux Klan. Mswada wa kuzuia uhamiaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola ulipofika bungeni, aliupinga kwa kalamu na kwa miguu, akiuita wa ubaguzi kwa kuwa ulilenga rangi bila kuitaja, ila ukapita na kuwa sheria mwaka 1962. Tarehe 31 Agosti 1963, siku chache baada ya maandamano makubwa ya Washington, alikuwa mstari wa mbele katika maandamano ya kuwaunga mkono watu weusi wa Marekani, yaliyoelekea kwenye ubalozi wa nchi hiyohiyo iliyomfukuza.

Haya yote aliyafanya akiwa anaingia na kutoka hospitali, akidaiwa kodi na akidaiwa na mchapaji. Paul Robeson, mwimbaji mashuhuri aliyekuwa rafiki yake tangu Harlem, aliimba katika tamasha la kulichangia gazeti mwaka 1960, na fedha hizo zilisaidia kwa muda. Mwaka 1964 alisafiri hadi Japani kuhudhuria mkutano wa kupinga silaha za nyuklia, kisha akaenda China, ambako alimhoji Soong Ching-ling, mjane wa mwanamapinduzi Sun Yat-sen. Alirudi London amechoka. Alifariki peke yake chumbani mwake usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka huo, moyo ukiwa umesimama, naye akiwa na miaka 49.

Manchanda alijaribu kuliendeleza gazeti, lakini likatoa matoleo machache tu mwaka 1965 na kufungwa. Mwaka 1966 mkazi wa Notting Hill, Rhaune Laslett, aliandaa tamasha la watoto na majirani barabarani, wapiga mapipa ya chuma wakaungana nalo na kuzunguka mitaa, na kutoka hapo kukazuka kanivali ya barabarani ambayo sasa huvuta mamia ya maelfu ya watu kila mwisho wa Agosti. Posta ya Uingereza ilitoa stempu yenye picha ya Claudia mwaka 2008. Majivu yake yalizikwa katika makaburi ya Highgate, kaskazini mwa London, upande wa kushoto wa kaburi la Karl Marx, na kwa karibu miaka 20 mahali hapo hapakuwa na jiwe lenye jina lake, mpaka mwaka 1984, watu wa Karibi wanaoishi London walipoliweka.